Mwaka wa Nyongeza Hautendi Haki

Tangu serikali ya Marekani ianze kufuta ruzuku za utafiti mwaka 2025, imeenea katika vyuo vikuu vya nchi hiyo imani kwamba mwanazuoni aliyekatiwa fedha hutendewa haki akiongezewa mwaka mmoja kabla ya kupimwa kwa ajira ya kudumu, yaani hadhi inayomlinda asiachishwe kazi bila sababu nzito. Imani hiyo ni potofu, na inapendwa kwa kuwa haiwagharimu chochote wenye mamlaka.

Kinachopotea si muda pekee. Mtafiti anayefuatilia afya ya wagonjwa kwa miaka kadhaa hupoteza takwimu zenyewe, kwa sababu vipimo visivyochukuliwa katika mwezi uliopangwa havichukuliki tena, huku wasaidizi aliowafunza wakienda kutafuta riziki kwingine, hivyo mwaka wa nyongeza humkuta ana maabara yenye vifaa lakini haina watu. Mwenzake anayehitaji kalamu na maktaba tu, akipewa mwaka uleule, huandika makala zaidi, na kigezo cha kuwapima wote wawili kinapanda.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 2018, wanauchumi Heather Antecol, Kelly Bedard na Jenna Stearns walichapisha utafiti kuhusu idara 50 za juu za uchumi nchini humo, ambazo nyingi zilikuwa zimewaongezea muda wazazi wote, wake kwa waume, baada ya kupata mtoto. Katika idara zenye utaratibu huo, kiwango cha wanawake kupata ajira ya kudumu katika chuo chao cha kwanza kilishuka sana, na cha wanaume kikapanda sana. Nyongeza iliyo sawa kwa wote ilizidisha pengo. Hilo peke yake lingetosha kuzinyamazisha kamati zinazojivunia usawa wa namna hiyo.

Kosa kubwa zaidi limo katika kuihesabu ruzuku iliyofutwa kama dosari ya mtafiti. Ruzuku hutolewa baada ya wataalamu wa fani kulisoma pendekezo na kulishindanisha na mengine, ilhali wimbi hili la ufutaji halikupitia tathmini ya namna hiyo. Septemba 2025, jaji wa shirikisho mjini Boston aliamua kwamba kufutwa kwa ruzuku za Harvard zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2 kulikuwa kinyume cha sheria. Kamati inayomshusha mtafiti kwa ufutaji huo inaifanya amri ya kisiasa kuwa hukumu ya kitaaluma.

Haki inadai ruzuku iliyoshindaniwa na kupatikana ihesabiwe kikamilifu hata kama fedha zake zilikatwa, wapimaji wa nje waelezwe kwa maandishi kilichokatwa na lini, na mhadhiri apimwe kwa alichokifanya na nyenzo alizobaki nazo. Naye atakayefaulu baada ya kucheleweshwa alipwe nyongeza ya mshahara kuanzia mwaka ambao angepimwa.