Kwani Pengwini ni wa Watoto wa Runda Peke Yao?

Jumapili moja mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, jirani yangu alisimama mlangoni, akaangalia watoto sita waliopiga magoti kuzunguka kipande cha kadibodi, akauliza: "Sasa hii pengwini itawasaidia na nini?"

Hakuwa na ubaya. Nilimjibu kwa mzaha, akacheka, akaenda kuanua nguo. Lakini swali lilikataa kuondoka. Hili hapa jibu langu, na wala si yeye ninayemjibu. Nawajibu wale waliomzoesha kuuliza hivyo.

Kwanza mchezo wenyewe. Nilikata boksi la mafuta ya kupikia, nikachora miraba 65. Mbona 65? Kwa sababu ya pengwini kaisari, yule mkubwa kuliko pengwini wote duniani. Akisimama anaweza kufika sentimita 120, yaani anatoshana na mtoto wa gredi ya pili. Mama hutaga yai moja tu, mwezi wa Mei au Juni, baridi ya Antaktika ikizidi kukaza. Kisha anamwachia baba yai, anarudi baharini kutafuta chakula. Baba analiweka juu ya miguu yake, analifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo, anasimama nalo karibu siku 65. Hali kitu. Ukihesabu na siku za kuchumbiana kabla ya yai, jamaa anakaa njaa karibu miezi minne, mahali ambapo baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri.

Kwa hivyo kila mraba ni siku moja, na kila mchezaji ni baba. Unapewa kifuniko cha soda na maharagwe 30. Maharagwe ndiyo mafuta ya mwili wako. Kila ukirusha dadu unalipa moja, na unaruhusiwa kusonga pungufu ya namba uliyopata. Ukiokota kadi ya upepo ukiwa peke yako, unalipa matatu. Ukiwa karibu na wenzako, kundi zima linalipa moja tu, na mnaamua wenyewe ni nani atalitoa. Maharagwe yakikuishia, unaacha yai unaenda baharini. Sikutunga hilo. Baba pengwini akiishiwa kabisa, huliacha yai kweli.

Raundi ya kwanza walicheza kama ludo. Kijana mmoja alichomoka mbio, akafika mraba wa 40 akiringa, akapigwa na upepo mara tatu mfululizo, akabaki bila harage hata moja. Raundi ya tatu mambo yalikuwa yamebadilika. "Ngojeni hapo, msitoke." Kisha msichana mmoja akamgeukia mwenzake: "Wewe hujalipa tangu tuanze. Sahi ni zamu yako."

Sikuwa nimewaambia chochote kuhusu zamu. Hapo ndipo nikawaeleza kwamba pengwini wenyewe hufanya hivyo hivyo: husongamana kwa mamia, hata maelfu, wakijisogeza hatua ndogo ndogo, aliye nje kwenye upepo akapata joto la ndani, na aliyekuwa ndani akajikuta nje. Walinitazama kama mtu anayewaambia jambo wanalolijua tayari. Na ni kweli, walikuwa wanalijua. Walikuwa wamelilipia kwa maharagwe.

Sasa linganisha na tunachokiita kusoma. Mtoto anakuja nyumbani saa kumi na mbili na agizo la kuleta picha ya mnyama. Mzazi aliyeshinda kazini anakimbia saiba, analipia picha ya rangi, inabandikwa kwenye karatasi ya manila, mtoto anapata alama. Uliza huyo mnyama anakula nini, kimya. Mtaala ulibadilishwa ili watoto wafanye badala ya kukariri, na wazo hilo mimi naliunga mkono kabisa. Lakini tumelichukua tukaligeuza kuwa biashara ya kuprinti. Najua ninachosema. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa sababu ya kwanza, na sababu ya pili ikiwa miaka mitatu ya kunakili noti ambazo aliyezisoma mbele yetu hakuonekana kuzijali. Sema nina uchungu. Ninao. Haimaanishi nimekosea.

Turudi kwa swali la jirani. "Itawasaidia na nini" linaonekana kama swali la busara. Wasomi wetu wamelivalisha suti, wakaliita elimu inayolingana na mazingira ya mtoto. Poa. Lakini umewahi kusikia likiulizwa Runda? Kule mtoto akipenda pengwini ananunuliwa kitabu, na akizidi kupenda anapelekwa Cape Town akawaone wale wadogo wa Afrika ana kwa ana. Hakuna anayemuuliza watamsaidia na nini. Udadisi wake unatosha kuwa sababu. Ni huku kwetu Huruma ambako kila kitu lazima kilete ugali kabla hakijaruhusiwa kuingia kwenye kichwa cha mtoto. Mfundishe sabuni. Mfundishe kuku. Mfundishe kiasi cha kumtosha kuwa mfanyakazi mzuri wa yule mtoto wa pengwini.

Hiyo siyo busara, ni kukata watoto kimo mapema.

Na hata tukikubali kucheza kwa sheria zao, pengwini si habari ya mbali. Mwaka wa 2022, kwenye bahari ya Bellingshausen huko Antaktika, barafu ilivunjika kabla ya vifaranga kuota manyoya yasiyopitisha maji. Kati ya makundi matano ya kaisari yanayojulikana eneo hilo, manne yaelekea hayakubaki na kifaranga hata mmoja. Basi nikaongeza kadi moja ya mwisho, ya kuokotwa baada ya mraba wa 65: barafu imevunjika, wote mmepoteza.

Ilipotoka, walilalamika kama mashabiki walionyimwa penalti. "Si haki! Tulikuwa tumefika! Tulilipa!" Yule kijana wa mbio alitaka kadi ichanwe. Msichana wa zamu, ambaye familia yake ilihamia ploti yetu baada ya Mto Mathare kufurika Aprili 2024, aliishika kadi akaisoma tena.

"Walikuwa wamelala?" akauliza.

Nikasema sijui, labda wengine.

"Na ni nani aliyayusha barafu?"

Hilo, jirani yangu, ndilo swali. Mtoto wa miaka kumi alifika hapo kwa boksi la mafuta na maharagwe, pasipo tableti wala bajeti ya wizara. Nilitumia pungufu ya shilingi mia, na maharagwe tuliyapika jioni.

Wewe unayesoma hii kwa simu una boksi mahali, na kuna watoto kwenye ngazi za ploti yenu wanaotafuta cha kufanya. Si lazima iwe pengwini. Chukua kitu chochote ambacho mtu aliwahi kukuambia hakikuhusu, ukitafutie sheria na dadu. Kadi ya barafu usiitoe, hata wakilia.