KOMPRIME ZA MALARIA NA TUMBO TUPU

Hapa Nguba tunaona mara nyingi mgonjwa wa malaria katika internati akimeza artemether-lumefantrine na maji tu, tumbo tupu. Juu ya nini? Atajibu: kichefuchefu. Tunamwelewa. Lakini dawa hii haiyeyuki vizuri katika maji. Inataka mafuta ili ipite matumboni na kuingia katika damu. Bila chakula, sehemu kubwa inatoka chooni, na malaria inaweza kurudi. Kisha tunasema dawa ni ya uongo! Sambaza kidogo za kukaanga, sombe yenye mawese, ao kikombe cha maziwa, inatosha. Dozi ni 6 kwa siku 3. Tunaomba wapishi wamwekee mgonjwa sahani yake, hata kama saa ya chakula imepita.