Mguu Wenye Ganzi



Mwaka jana baba wa mwanafunzi wangu mmoja, mchukuzi wa mizigo katika soko la Kenya (nasema Kenya yetu ya Lubumbashi, si nchi ile ya mbali), aliamka asubuhi akakuta mguu wake wa kushoto una ganzi. Kandambili ikamtoka njiani asijue. Jioni aliketi karibu na mbabula, na kidole chake kidogo kikaungua. Harufu ndiyo iliyompasha habari, si maumivu. Hapo jamaa wakakata shauri: amekanyaga dawa. Na mwenye kuitega wakamtaja, yaani mjane wa kaka yake, aliyelala chumba cha nyuma pamoja na watoto wake wawili. Kabla ya Jumapili mama yule alikuwa amekwisha kufukuzwa.

Mtoto akaniuliza, "Mwalimu, dawa yaweza kukaa mguuni?" Nikamwomba anipeleke kwao.

Nilimwuliza mgonjwa habari za kiuno chake. "Kiuno kinaniuma tangu mvua za kwanza," akajibu, "lakini hicho ni kiuno tu, mwalimu." Kumbe siku moja aliinama akainua mfuko wa simenti wa kilo 50 huku akijipinda, akasikia kama kamba imekatika. Maumivu yakashuka takoni, nyuma ya paja, mpaka mguuni, na kila alipokohoa yakazidi. Tukaenda kwa daktari. Yeye alimlaza chali, akauinua mguu ukiwa umenyooka, akamchoma kidogo kwa pini hapa na pale, kisha akamwambia asimame kwa ncha za vidole vya mguu wa kushoto. Hakuweza.

Uti wa mgongo si mfupa mmoja kama mpini wa jembe. Ni pingili nyingi, na za kiunoni ni 5. Kati ya pingili na pingili umo mto mdogo uitwao diski: nje ni pete ngumu ya nyuzi, ndani ni ute mzito. Pete ikichakaa na kupasuka, ute husukumwa nje ukabana mzizi wa mshipa wa fahamu uendao mguuni. Basi mguu wenyewe hauna kosa. Habari zake zimekatizwa njiani, kama waya wa simu uliobanwa Likasi, na wewe wangoja jibu Lubumbashi. Hata mahali pa ganzi pana maana. Ganzi ikiwa juu ya wayo na kwenye kidole gumba, mara nyingi ni diski iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5. Ikiwa ukingo wa nje na kidole kidogo, kama baba huyu, mara nyingi ni ile ya chini kabisa. Dawa ya mchawi haifuati ramani namna hiyo.

Lakini tusiwacheke mno jamaa zake. Waganga wa Ulaya na Marekani nao walitangatanga miaka mingi, hata mwaka 1934 Mixter na Barr wa Boston walipoeleza wazi kwamba ni diski ibanayo mshipa.

Walio wengi hupona bila kisu, katika majuma kadhaa, kwa maana ute uliotoka husinyaa wenyewe. Kulala kitandani mwezi mzima hakusaidii. Siku moja mbili zatosha, kisha mtu atembee kidogo kidogo. Alale ubavu, mto kati ya magoti. Asiinue kitu toka chini, wala asikae muda mrefu juu ya kigoda. Mama afuaye nguo apandishe beseni mezani. Mguu wenye ganzi utazamwe kwa macho kila jioni, uvikwe kiatu, na maji ya moto yapimwe kwa mkono. Msimkanyage mgonjwa mgongoni. Msimpeleke kwa mchoma sindano wa mtaani: mshipa uleule hupita takoni, na sindano mbaya yaweza kuuharibu kabisa.

Sasa sikilizeni vema. Ganzi ikishika pale mtu anapokalia kiti cha baisikeli, au mkojo ukikataa kutoka, au ukitoka wenyewe, au haja kubwa isizuilike, au miguu yote miwili ikilegea, mpelekeni hospitali siku ileile, hata kama ni usiku wa manane. Hapo huenda kisu kikahitajiwa upesi, na kuchelewa ni kulemaa. Wayo ukizidi kuburuta, msingoje juma la pili. Kiuno chenye homa, jasho la usiku na kukonda chaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Nyayo zote mbili zikifa ganzi bila maumivu ya kiuno, damu ipimwe sukari. Na baka la ngozi lisilosikia kitu lionyeshwe kwa mganga, lisije likawa ukoma.

Baba yule aliachiwa kazi nyepesi baada ya majuma 10. Siku hizi husukuma mkokoteni. Mfuko haugusi tena kichwa chake. Kidole kidogo bado kina ganzi kidogo. Daktari alimwagiza atembee kila siku, naye siku moja akatembea mpaka Katuba, mahali alipohamia mjane wa kaka yake, akamwomba radhi mlangoni. Mama alimpa maji ya kunywa, asimjibu neno. Watoto wawili wamerudi darasani kwangu. Yeye bado yuko Katuba.