Wacheni Kupiga Msasa Visu vya Babu Zenu

Wasee, wacha nianze na kukiri, ndio mtu asiseme najifanya mtakatifu.

Miaka mitatu iliyopita nilichukua simi ya babu yangu nikaipeleka kwa fundi wa jua kali, nikawasha kamera, na kwa dakika kumi na moja tukaisugua hadi ikang'aa kama kijiko cha harusi. Kutu ikaisha yote. Mpini wa zamani tukautoa, tukaweka mpya wa mbao uliopakwa vanishi. Ala ya ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka, kwa hivyo tukaitupa. Mwisho wa video simi imekaa juu ya meza, taa zinaipiga, muziki unapanda. Watu waliipenda vibaya sana. Ndiyo video yangu ya kwanza kunilipia kodi ya nyumba. Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache kabla, na manze hiyo kodi niliihitaji.

Mwezi uliofuata nikaenda nayo ushago, Ukambani, nimwonyeshe Susu. Yeye ndiye alinipa hiyo simi baada ya matanga ya babu. Macho yake yameisha nguvu siku hizi, vitu anavijua kwa vidole. Akaishika, akapitisha kidole gumba polepole kutoka kwa mpini kwenda mbele. Akarudia. Halafu akaniuliza, "Mjukuu wangu, alama iko wapi?"

Alama gani tena? Karibu na mpini kulikuwa na mikato mitatu midogo. Mimi nilidhani ni mikwaruzo ya uzee. Grainda iliifuta kwa sekunde mbili, na kwa video inaonekana ukijua pa kuangalia. Susu akanieleza kwamba hiyo ilikuwa alama ya ukoo. Wawindaji wa Kikamba walitia alama mishale yao, na mizinga ya nyuki na ng'ombe vilevile, ili ijulikane mali ni ya nani na mshale wa nani ulimwangusha mnyama. Babu aliitia ileile kwa simi yake.

Akanirudishia. Akasema, "Ni nzuri. Lakini hii si ile."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sasa nisikizeni. Kila wiki naona kijana mwingine na video kama ile yangu. Kisu cha zamani, kutu, grainda, msasa, kung'aa, makofi. Wanaita kurudisha upya. Mimi nasema hakuna kitu kinachorudishwa hapo. Ni kufuta, na tunafuta kitu ambacho hakuna fundi duniani anaweza kukiandika tena.

Labda hujui nini kinafutwa. Mimi pia sikujua, kwa hivyo nilienda kujifunza, nimechelewa. Nitakufunza kwa ufupi.

Simi, au sime kama kamusi inavyosema, Wamaasai huiita olalem na Wakikuyu ruhiu. Ya kawaida ni nyembamba karibu na mpini, halafu inapanuka ikielekea mbele, karibu na ncha. Katikati kuna mgongo ulioinuka. Huo mgongo si urembo: unaipa nguvu isipinde, bila kuhitaji chuma kingi. Uzito ukiwa mbele, mkono unakata bila kuchoka. Mtu alifikiria hayo yote bila kuingia darasa la uhandisi.

Ukiiangalia kwa mwanga wa pembeni, utaona vishimo na mawimbi madogo kwenye chuma. Hizo ni alama za nyundo ya mhunzi. Zinakuonyesha alipiga wapi na alipunguza wapi. Chuma chenyewe pia kina hadithi. Zamani wahunzi wa Kikuyu walikuwa wanaosha mchanga mweusi wa mtoni wapate madini, wanayayeyusha kwa makaa huku mivukuto ikipuliza. Baadaye chuma cha kununua kikajaa, na magari yakaja, na wahunzi wakaanza kufua simi kutoka kwa springi za lori. Mtu akikuambia "ni springi tu hiyo", mwambie asante, umenisaidia kujua umri wake. Springi ya lori iliyogeuzwa simi ni historia ya Kenya mkononi mwako: mkoloni alileta lori, mhunzi akachukua alichohitaji.

Halafu ile rangi nyeusi-kahawia unayoiona kama uchafu. Hiyo ni ngozi ya chuma. Imejijenga kwa miaka mingi ya mikono, mafuta, moshi wa jikoni na damu. Wanaojua kukusanya visu vya kale, hapa na nje, hiyo ndiyo kitu cha kwanza wanaangalia. Ukiing'oa, umemaliza. Kisu kilichopigwa msasa thamani yake hushuka, haipandi. Hata kama hujali urithi na unajali doo peke yake, bado umejichoma.

Na mpini? Mpini uliofungwa upya kwa ngozi ya mbuzi unakuambia kwamba kuna mwaka ulivunjika na mtu akaona simi bado ina kazi. Ala iliyopakwa rangi nyekundu inakuambia ilivaliwaje. Mimi hiyo ala niliitupa kwa takataka za fundi. Kila nikikumbuka najisikia vibaya.

Najua mtakachosema. Wacha nijibu.

Wa kwanza: "Hizi ni silaha, unachochea fujo." Msee, kisu cha jikoni kimemwaga damu Kenya hii kuliko simi zote zilizotundikwa ukutani. Sisemi upande matatu na simi kiunoni. Usijaribu hata siku moja, polisi hatakaa chini usome naye historia ya chuma. Nasema kiwe nyumbani, mahali watoto hawafiki, na hadithi yake kando yake.

Wa pili: "Hivyo ni vitu vya mashetani, tulishaokoka." Nimesikia familia zilizochoma vitu vya babu zao kwa sababu ya mahubiri ya siku moja. Babu yangu alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili alienda ibadani na simi ikabaki mlangoni, na Jumatatu alikata nayo kamba ya mbuzi. Yeye hakuona shida. Wewe uliyezaliwa juzi ndiyo umeona shetani kwa springi ya lori?

Wa tatu, na huyu ndiye hunikasirisha: "Uwindaji ni aibu, babu zetu walikuwa majangili." Hapa tutaongea polepole.

Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, ametoka kuwa rais wa Marekani juzi, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Katika safari ile wawili hao waliua wanyama zaidi ya 500, na ni yeye mwenyewe aliyechapisha hesabu kwa kitabu. Anaitwa mwindaji mkubwa. Wakati huohuo, sheria za wanyama za mkoloni zilimwachia mwenye leseni na bunduki, halafu zikamgeuza Mkamba mwenye uta na sumu ya ivai kuwa mhalifu kwenye ardhi ambayo baba yake aliwinda. Katika miaka ya 1950 walinzi wa Tsavo walifanya kampeni kubwa dhidi ya wawindaji wa uta, Wakamba na Wawaata, wengi wakafungwa. Kisha Mei 1977 serikali yetu ikapiga marufuku uwindaji kabisa.

Mimi naunga mkono marufuku ya 1977. Ndovu walikuwa wanaisha, na sitaki mtu arudi kuwinda. Lakini kuacha kazi si sawa na kuikana. Kisu cha safari cha mzungu kinawekwa kwa sanduku la kioo na kupewa jina la mwenyewe. Kisu cha babu kinaitwa ushahidi, au kinaitwa uchafu wa kupigwa msasa. Huo mzani haukuwekwa na sisi. Mbona tunaendelea kupimia nao?

Halafu kuna hii kitu ya kudai mali yetu irudi. Mradi mmoja unaoitwa International Inventories Programme, ambao Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalishiriki, ulitengeneza orodha ya vitu vya Kenya vilivyoko kwa makavazi ya nje. Walifika vitu 32,501. Maonyesho yake yalikuja hapa Nairobi mwaka wa 2021. Sisi sote tukapandwa na hasira, rudisheni, rudisheni. Na ni haki yetu kudai, mimi nitadai mpaka nizeeke.

Lakini tujiulize kama watu wazima. Siku wakirudisha, tutavipeleka wapi, kwa fundi wa grainda? Mzungu alichukua simi akaifungia stoo, angalau alama ya ukoo bado iko. Mimi nilipewa kwa mkono na Susu mwenyewe, nikaifuta kwa sekunde mbili nikipata makofi. Inaniuma kuandika hivyo. Lakini ni ukweli.

Na usingoje serikali. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. 1895 ndio mwaka Mwingereza alitangaza himaya yake hapa. Sasa piga hesabu. Simi ya babu yako, ya miaka ya 1930 au 1950, iko upande gani wa huo mstari? Iko nje. Yule broka anayezunguka ushago baada ya matanga, ananunua simi na vigoda kwa bei ya chakula cha mchana, anajua hilo vizuri kuliko wewe. Akishafika nayo mjini inaitwa "ya Kimaasai", hata kama ni ya Mkamba au Mmeru, kwa sababu Maasai ndilo jina watalii wanalijua. Hapo imepoteza mwenyewe, imepoteza kijiji, imepoteza na kabila. Anayeweza kuizuia ni mtu mmoja tu, yule aliyeirithi.

Mwingine atasema kukusanya ni mambo ya wazungu na matajiri. Tajiri, labda. Mzungu, hapana. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya mwaka wa 1966, mama yake Mmaasai, alitumia maisha yake kukusanya vitabu, sanaa na vitu vya Afrika. Sehemu ya mkusanyo wake iko ghorofa ya chini ya lile jengo la Nyaraka za Kitaifa, katikati ya Moi Avenue na barabara ya Tom Mboya. Pale nje ndipo mnapangana kukutana kila Jumamosi. Siku moja ingieni ndani.

Na kuanza hakuhitaji pesa. Kisu kimoja kinatosha, kama ni cha kwenu. Fanya hivi.

Kwanza, usikiguse na msasa, siki, soda wala grainda. Kutu nyekundu inayopukutika ipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha paka chuma mafuta ya cherehani kidogo sana. Nyeusi iache. Usipake ngozi mafuta hayo.

Pili, usihifadhi kisu ndani ya ala. Ngozi hushika unyevu na chuma kinaliwa humo ndani bila wewe kujua. Viweke kando kwa kando, pakavu, lakini usivitenganishe kamwe.

Tatu, ukipata mishale ya zamani pamoja nacho, usiguse ncha. Ivai inaua, na hujui kama imeisha nguvu.

Nne, na hii ndiyo kubwa kuliko zote: kaa chini na mzee aliyebaki, washa simu, rekodi. Nani alikifua? Nani alikibeba? Hii alama ni ya nini? Piga picha pande zote, andika majina, kijiji na mwaka kwa karatasi, ifunge kwa uzi. Chuma kinaweza kungoja miaka mia. Susu yako hawezi.

Mimi nilirudi kwa Susu na daftari. Tumeshajaza kurasa kumi na nne. Alama ya ukoo amenichorea mara mbili, kwa mkono unaotetemeka, na mikato yake ni mirefu kidogo kuliko nilivyokuwa nakumbuka. Kuna watu wameniambia niichonge tena kwa simi. Sitaichonga. Mkono ulioitia haupo, na mimi nishaidanganya hiyo simi mara moja, inatosha.

Ile video nimeiondoa jana usiku. Ilikuwa bado inaniingizia doo kidogo kila mwezi, kwa hivyo msidhani ilikuwa rahisi. Kama uliipenda, shukrani. Kama ndiyo ilikupa wazo la kumpelekea fundi kisu cha babu yako, tafadhali mpigie fundi simu saa hii, kabla hajawasha grainda.