Kumbukumbu Hufuata Pesa

Watu wengi huamini kwamba kamusi elezo ya mtandaoni ni mizani ya haki: anayestahili yumo, na asiyekuwemo hakufanya la maana. Imani hiyo ni potofu, na kwetu mkoani Lualaba, Kongo, inatudhuru.

Kanuni kuu ya Wikipedia haiulizi mtu alifanya nini. Inauliza ni nani aliyemwandika kwa kina, asiye jamaa yake wala mwajiri wake. Kanuni hiyo naitetea, maana bila hiyo kila mpenda sifa angejitungia ukurasa. Kosa ni kuigeuza hukumu ya thamani ya mtu.

Tazama Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, ambayo sehemu yake imo mkoani mwetu. Rodrigue Katembo, aliyewahi kuwa mkurugenzi wake, haleti ubishi wowote. Mwaka 2013, akiwa bado katika Hifadhi ya Virunga, alikamatwa na kuteswa baada ya kuzuia mnara wa kampuni ya mafuta usijengwe hifadhini. Filamu iitwayo Virunga ikamtambulisha duniani mwaka 2014, na mwaka 2017 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Vyanzo vimejaa.

Kabla yake, mhifadhi mkuu wa Upemba alikuwa Atamato Madrandele, aliyeuawa kwa kuviziwa Desemba 2012. Kinachopatikana upesi juu yake ni habari za kifo. Hapo wahariri wana kanuni nyingine: anayejulikana kwa tukio moja tu hutajwa ndani ya makala ya tukio hilo, hapewi ukurasa wake. Siku aliyouawa inahesabiwa. Siku zote alizoamka kulinda pori hazihesabiwi, kwa kuwa hakuna mwandishi aliyekuwepo. Nani atathubutu kusema kwamba kilichowatofautisha wawili hawa ni ustahili?

Sasa njoo Kolwezi, mji wetu wa migodi. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa inalazimika kutoa ripoti, na bei ya kobalti hufuatiliwa kila siku. Waandishi wa biashara walioko London wanaijua migodi ya Kamoto na Mutanda. Mgodi haukosi vyanzo hata siku moja. Lakini juu ya vilima vyetu vyenye shaba, pale miti ya miombo inaposhindwa kuota, huota mimea midogo iliyoizoea sumu ya udongo huo, mingine isiyopatikana kwingine duniani. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, huitwa ua la shaba. Umewasaidia wanaakiolojia kugundua mahali palipokuwa na tanuri za kale. Kilima kikichimbwa, mimea yake huondoka nacho. Anayekusanya mbegu kabla tingatinga halijafika, nani humwandika?

Hata walio karibu na magazeti makubwa hupitwa. Mei 2018, rasimu ya makala kuhusu Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa kwa upungufu wa vyanzo. Oktoba mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobel, kwa kazi aliyoifanya miaka ya 1980. Ikiwa hayo yalimkuta profesa wa chuo kikuu, mlinzi wa pori la Lubudi atapona vipi?

Kwa hiyo mhariri anayetaka kufuta jina la mhifadhi wa huku asome kwanza magazeti ya Kifaransa, tasnifu za vyuo na majarida ya mimea. Ukurasa mzima usiposimama, jina liingizwe katika makala ya hifadhi. Nasi tusiombe upendeleo. Ripoti za ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi, pekee hazitoshi, kwa kuwa ICCN ndiyo mwajiri wa walinzi. Wanahabari wa Kolwezi wawahoji walinzi wangali hai, na vyuo vyetu vichapishe tasnifu badala ya kuzifungia kabatini.

Na anayesema mtu fulani hastahili makala aseme ukweli wote: hatujamwandika.