Nikichaguliwa Katika Kamati ya Shule



Gazeti letu limezoea kuleta habari za mpira, safari na michezo ya kuigiza. Leo naomba nafasi kidogo niseme juu ya jambo la wazazi, yaani kamati ya shule. Mimi ni mwanafunzi wa zamani, nakaa Busanza, huku Kanombe katika wilaya ya Kicukiro, na watoto wangu wawili wasoma shule ya msingi karibu na nyumbani. Muhula ujao wazazi watachagua kamati yao katika mkutano mkuu, nami nimeomba kuchaguliwa. Jirani mmoja aliniuliza, "Utatujengea nini?" Nikamjibu, "Sitajenga kitu." Akacheka, akaenda zake. Basi nataka kueleza maana ya jibu lile.

Wahenga walisema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Busanza ya leo si ile tuliyoijua zamani. Tangu mwaka 2019 walianza kuhamishiwa hapa watu wa Kangondo na Kibiraro, kule Nyarutarama, mahali ambapo wengi walipaita Bannyahe. Wengine walikubali, wengine walitaka walipwe fedha badala ya kupewa nyumba, na shauri likafika mahakamani. Mwisho, mwezi wa Septemba 2022, nyumba zilizobaki kule zilibomolewa, siku chache kabla ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa. Watoto wakaingia madarasa mapya kwa walimu wasiowajua, na huku wazazi wao walikuwa hawajamaliza kufungua mizigo.

Sitaki kuhukumu shauri lile. Nyumba mpya zina maji na umeme, na hilo ni jema. Lakini mama aliyekuwa akifua nguo katika majumba makubwa ya Nyarutarama alikwenda kazini kwa miguu. Sasa yambidi apande gari, au atafute kazi nyingine. Na mtu aliyekuwa na vyumba vya kupangisha alipata kodi kila mwezi. Leo ana mahali pa kulala tu. Mambo hayo humfuata mtoto mpaka darasani.

Nitatoa mfano mmoja. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, mtoto wa darasa la nne alisomwa jina mbele ya wenzake wote asubuhi, kwa sababu mchango wake wa chakula haujalipwa. Kesho yake hakwenda shuleni. Kwa muda wa majuma matatu alitoka nyumbani kila siku na madaftari yake, akashinda bondeni mpaka saa ya kurudi. Mama yake alipojua alilia mbele yangu, akasema, "Ningaliambiwa, ningaliuza hata kitenge changu." Deni lile lilikuwa faranga 975.

Chakula cha mchana shuleni ni jambo la kushukuru sana. Mpango huu ulianza katika sekondari mwaka 2014, na mwaka 2021 ukaenezwa hata kwa watoto wa chekechea na wa msingi. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilipanga mzazi wa mtoto wa msingi atoe faranga 975 kwa muhula, na serikali ilipe sehemu kubwa iliyobaki. Si fedha nyingi. Lakini mwenye watoto wanne ni 3,900. Tena mpango uleule uliweka faranga 19,500 kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, yaani mara ishirini. Hivyo mtoto akishinda mtihani wa darasa la sita, mzazi hufurahi na kuogopa siku ileile.

Basi nikichaguliwa, nitashika mambo matatu. La kwanza, jina la mtoto lisisomwe mbele ya watu kwa deni la baba au mama. Wajumbe wawili waende nyumbani, wabishe hodi, wakae, waulize. Asiye na fedha na apewe kazi: aoshe masufuria, apasue kuni, alime bustani ya shule.

La pili, mikutano. Tukiiita asubuhi ya siku ya kazi, kibarua akija hupoteza ujira wake wa siku ile, kisha twasema wazazi hawajali. Afadhali tukutane baada ya Umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana watu wamekwisha kusanyika.

La tatu, mahali pa kusomea jioni. Katika nyumba ndogo watu hupika, huongea na hulala karibu karibu. Mtoto atafanyia hesabu wapi? Madarasa yapo, nayo jioni ni matupu. Sharti pawepo mtu wa kuwasimamia watoto tu.

Najua wako watakaosema, "Ukimwonea huruma asiyelipa, muhula ujao hatalipa hata mmoja." Neno hilo lina kweli ndani yake. Wako wenye uwezo ambao hawataki kutoa. Lakini orodha ya majina haiwezi kumtenga mkaidi na maskini. Mlangoni mwake utamjua, nami sitaona haya kumdai mkaidi.

Ninyi wenzangu mliokwisha toka shuleni, wengi wenu mna watoto na hamwendi mikutanoni. Nendeni, hata kama kura yenu hamtanipa mimi. Nanyi mlio shuleni bado, jambo la tatu naliomba kwenu: wawili watatu waje jioni kuwasimamia wadogo zao. Tena mwenzenu akikosa darasani siku tatu, msingoje mwalimu. Piteni kwao mkamwulize hali.

Mwanafunzi wa zamani,
Busanza