Karani na Kipanya

Wapo watungaji wa programu waaminio kwamba mtu amekwisha kufundishwa kompyuta pindi anapoonyeshwa vitufe vyake. Mgeni huketi, mshale humulika mahali, maandishi humwamuru abonyeze, naye hubonyeza. Huonyeshwa pengine, na pengine tena, hata mwisho akapongezwa. Akiisha kupongezwa huachiwa ukurasa mtupu, asijue aanzie wapi.

Na achukuliwe karani wa chama cha msingi cha kahawa huko Muleba, ambaye hajapata kushika kipanya. Mtu huyo si mjinga. Ajua mizani, ajua daftari la wakulima, ajua kahawa ya maganda na kahawa safi. Akikosea tarakimu huikata kwa mstari, akaandika nyingine juu yake. Lakini somo apewalo hutoa mfano wa mauzo ya duka la nchi ya mbali, tena humnyima nafasi ya kukosea: kitufe kisichotakiwa hakibonyezeki. Kwa hiyo hapati kujua jambo ambalo mgeni wa kompyuta hulihitaji kuliko yote, yaani kwamba kosa hutanguka. Akibaki peke yake huogopa kwamba kidole kimoja chaweza kufuta msimu mzima.

Husemwa kwamba dawa ni tafsiri. Tafsiri ni haki ya msomaji, wala haikushindikana: Jambo OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2004, kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walakini somo baya likitafsiriwa huwa somo baya la Kiswahili.

Mkoa huo wenyewe, ulipokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulionyeshwa njia nyingine. Katika mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO, mwaka 1968 hadi 1972, watu wazima wa mikoa ya Ziwa walisomeshwa kwa vitabu vilivyohusu kazi zao, kama pamba, migomba na uvuvi. Somo la kompyuta lingeweza kufuata mwendo huo: lifunguke na daftari la kahawa, limwache karani aandike kilo 400 badala ya 40, aone jumla ikivimba, kisha abonyeze Tendua. Mstari wa pili asaidiwe kidogo, wa tatu asisaidiwe kabisa.

Watungaji hulia gharama, kwa kuwa kila kazi ingetaka somo lake. Gharama ni kweli. Ila sasa hulipwa Muleba. Karani huandika daftarini mchana, na jioni humlipa kijana aje ayapige yale yale katika kompyuta ya chama.